Kanda za Waliokonda

Nilianza kurekodi kwa hasira. Tulikuwa harusini mjini Kakamega, mwanzoni mwa miaka ya tisini, na mgeni mmoja kutoka Nairobi akanieleza, mdomo umejaa kuku, kwamba mji wetu haujawahi kuwa na muziki mwingine ila ngoma za isukuti na nyimbo za kanisani. Ananiambia mimi, niliyekesha nikishona mashati ya bendi ya kaka yangu! Miaka ya sabini wanaume watano walipiga soul na funk katika ukumbi uliokuwa nyuma ya soko, hadi wasichana wakavua viatu ili wacheze vizuri. Kaka ndiye aliyekuwa mwimbaji na mtunzi. Hawakutoa hata santuri moja. Nikaona wasiposimulia wenyewe, maneno ya yule mla kuku ndiyo yatakayobaki.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nilikuwa na redio kaseti, kanda tupu chache, na Jumamosi zangu. Nikaandika majina matano nyuma ya daftari, nikaanza na mpiga tarumbeta wa Khayega, kwa sababu nilikuwa nimemwona sokoni shati limemning'inia kama limeanikwa. Alizungumza akipumzika kila baada ya sentensi mbili. Alisimulia walivyonasa nyimbo za Wamarekani weusi redioni bila kuelewa neno, wakazijaza Kiluhya chao wenyewe. Alizikwa kabla ya mwezi kuisha.

Kisha nikasikia mpiga besi, aliyekuwa akilima mahindi Mautuma, amekonda. Niliacha madaftari bila kusahihishwa nikaenda. Naye akafa. Mpiga kinanda wa Chekalini nilimkuta amelazwa mkekani uani, mkewe akimfukuzia nzi, na aliweza nusu ya kanda tu. Wote watatu waliutaja wimbo mmoja, ule wa kufunga dansi. Ubeti wake wa mwisho kaka aliuimba chini chini huku wao wakipiga kwa nguvu zote, na hakuna aliyewahi kuusikia vizuri. "Muulize kaka yako," waliniambia. "Hiyo iko na yeye peke yake."

Wa nne, mpiga gita, alikuwa Mwislamu wa Mumias, mfanyabiashara wa vitambaa, mwenye afya na kitambi cha haja. Nilifika kwake nikapiga hodi na kumtolea salamu ya Kiislamu, redio begani.

"Wa alaikum salaam, mwalimu. Karibu chai," akasema. "Lakini hiyo redio ibaki huko nje ya geti."

"Kwa nini?"

"Kila mahali umeipelekanga, watu wamenunua mbao."

Nilimpasha. Nikamuuliza mtu mzima, aliyesoma, anawezaje kuamini kwamba redio inaua. Alinisikiliza hadi nikamaliza, akanimiminia chai.

"Mimi sijasema inaua. Nimesema wewe unajuanga. Ulianza na nani? Nani akafuata? Sasa ukifika kwangu na hiyo kitu, si nitajiuliza umeona nini kwa uso wangu?"

Chai ile sikuisikia ladha. Nilirudi nyumbani nikafungua daftari, nikayapitia yale majina kwa mpangilio niliowafuata. Kweli, nilikuwa nimewafuata kwa wembamba wao, aliyekonda zaidi akitangulia. Miaka hiyo ugonjwa wenyewe haukutajwa. Hospitali iliandika homa ya mapafu, wakwe walinong'ona uchawi, na mimi na redio yangu ndio tuliokuwa tukibisha hodi kuwaambia watu ukweli. Nilianza kukumbuka wanawake waliovuka barabara waliponiona nikija, na jinsi wake za wagonjwa walivyoiangalia ile redio kabla ya kunisalimu. Niliogopa. Nilijiogopa mwenyewe.

Akabaki kaka. Aliishi peke yake karibu na barabara ya kwenda msituni, na kwa muda mrefu tulikuwa na utani wetu. "Mwalimu, mimi utanifikia lini?" "Wewe ni wa mwisho." Tulikuwa tukicheka. Jumamosi iliyofuata nilimkuta amevaa mshipi wenye matundu mawili mapya, yaliyotobolewa kwa msumari. Nilijifanya sikuyaona.

Nilizunguka na jambo hilo wiki nzima. Nikimpelekea redio, nitakuwa nimemwambia anakufa. Nisipompelekea, ataondoka na ule ubeti, na pamoja naye bendi yote. Mwishowe nikanunua mawe mapya ya kuwashia redio, nikaificha kikapuni chini ya majani ya kunde. Aliiona kabla sijaketi.

"Wa Mumias umemaliza?"

Ningeweza kudanganya. "Amekataa."

"Bado ni mnene?"

"Mnene."

Alinyoosha mkono akaondoa majani ya kunde juu ya redio. "Haya. Washa."

Aliongea vizuri ajabu siku hiyo, akiwacheka wenzake kana kwamba wako chumba cha pili. Lakini nilipomuuliza ubeti wa mwisho, alitikisa kichwa. "Hiyo nikikupa leo, utakuwa umenimaliza. Kuja Jumamosi."

Nilirudi Jumamosi, na nyingine, na nyingine. Kila mara alinipa kitu kingine: rangi ya mashati, ugomvi wa nani asimame mbele. Ubeti hakunipa. Na kila mara nilipoingia, macho yake yalitangulia kikapuni ndipo yakaja usoni pangu. Iliniuma sana kuogopwa na ndugu yangu wa tumbo moja.

Jumamosi ya tano niliiacha redio nyumbani. Alipoona mikono yangu mitupu akajiinua kitandani.

"Redio iko wapi?"

"Nimeiacha. Kwani kuna haraka gani?"

Alicheka hadi akakohoa. Akamwita jirani kupitia dirisha: "Sikia! Mwalimu ameacha redio nyumbani! Ameona niko sawa!" Siku hiyo aliomba ingokho, kuku wetu wa kienyeji, akala matonge mawili ya obusuma, ugali wa kwetu, akanituma nimwambie yule wa Mumias atafute nyuzi mpya za gita. Nilisema nitamwambia. Nikaendelea kumtembelea mikono mitupu, na yeye akaendelea kuamini.

Mchana mmoja, nikiwa nakosha vyombo mlangoni na mgongo wangu kwake, nilimsikia akianza ule wimbo. Aliuimba wote, polepole, na alipofika ubeti wa mwisho sauti ikashuka kama ilivyokuwa ikishuka ukumbini. Nilitaka kusogea. Hatua tatu tu zingetosha. Lakini angeniona nikisogea, angejua nimekuja kuuchukua, na angejua kwa nini.

Nikaendelea kusugua sufuria hadi akanyamaza. Maneno hayo sinayo.