Kabati la Bi Mwajabu lisilo na kitasa

Jua halijapanda juu ya mikorosho ya Bungu. Hashimu Mwinjuma anafungua mlango wa kushoto wa kabati, anaufunga, anaufungua tena. Anainama na kutega sikio kwenye bawaba. Haulii. Kisha anaingiza kidole kwenye tundu la ubao, pale palipokuwa na kitasa, na kukiacha humo kwa muda.

Mbele ya karakana yake basi la kwenda Lindi linapita likipiga honi. Vumbi linaingia ndani na kutua juu ya vanishi. Hashimu anachukua kitambaa, anafuta pole pole, na hamlaumu dereva.

"Kabati limekwisha tangu Ramadhani," anasema. "Kazi ndo haijesha."

Ni kabati la vyombo, refu kumpita mwenyewe, na karibu kila ubao wake uliwahi kuwa mlango wa kabati jingine. Ubavu wa kulia ulikuwa mlango wa kabati la nguo lililoshushwa Nyamisati kwa boti ya kutoka Mafia, na bado una alama ya duara pale kioo kilipokuwa. Ubavu wa kushoto ni milango miwili midogo iliyoungwa kwa gundi. Mgongoni kuna mlango wa kabati la shule iliyokwisha bomolewa, wenye rangi ya bluu iliyogoma kutoka hata kwa msasa mkali.

Mbele ndiko kwenye milango yenyewe. Ni miwili, ya mvule, imechongwa majani pembezoni kwa mkono wa fundi ambaye hakuna anayemkumbuka jina. Chini ya katikati umepita mstari hafifu mweupe, sawasawa kwenye milango yote miwili, unaoonyesha maji yalipofika.

Hashimu, mwenye umri wa miaka 47, hakuupiga randa mstari huo. Anasema ukiuondoa unaondoka na majani.

Useremala wa milango ya zamani aliuanza kwa shida. Mbao mpya za mninga zilimshinda bei, na yale maboredi ya kiwandani yakikaa msimu mmoja karibu na mto yanavimba na kubomoka. Akaanza kuzunguka Kibiti, Ndundu na Nyamisati akiulizia makabati yaliyovunjika. Miguu imeliwa na mchwa, droo zimepotea, lakini milango mara nyingi ni mizima.

Kazi yenyewe inakwenda kinyumenyume. Seremala mwingine hujenga sanduku kwanza, kisha akakata milango ya kulitosha. Hashimu hupima milango kwanza, akajua urefu na upinde wake, ndipo sanduku lijengwe kuifuata. Kabati moja humwachia kama laki mbili baada ya gharama, na msimu wa mvua hupita bila kuuza hata moja.

Katika mizunguko hiyo ndipo alipojua jambo ambalo hakuna aliyemfundisha. Wanawake wanaomuuzia milango humpa kila kitu, bawaba, komeo, hata misumari iliyopinda. Ufunguo hawampi.

"Mmoja atasema anabaki nao, mwingine anakwambia umepotea, na wewe unauona umefungwa kwenye pindo la kanga yake," anasema Hashimu. "Mie huwa sibishani. Mwingine nyumba imekwenda na maji, kabati lenyewe limekuwa kuni, lakini ufunguo anao. Ukimnyang'anya huo umembakishia nini?"

Kwa hiyo vitasa vya zamani kwake ni uchafu tu, maana kitasa kisicho na ufunguo hakina kazi. Huving'oa na kuvitupa kwenye debe la vyuma chakavu, Kheri mnunuzi wa chakavu anapita na baiskeli yake kulichukua, na Hashimu anapachika kitasa kipya cha dukani. Amefanya hivyo miaka nenda rudi, mikono yake inakwenda yenyewe.

Milango hii miwili ya mvule hakuinunua. Ni ya mama yake.

Bi Mwajabu, mwenye umri wa miaka sabini na ushee, aliishi bondeni, ng'ambo ya Ndundu, kwenye mashamba ya mpunga. Kabati alinunuliwa na mumewe, marehemu mzee Mwinjuma, kwa fedha za pamba. Lilivuka mto kwa pantoni, daraja likiwa bado halijajengwa, na likabebwa na wanaume wanne hadi nyumbani. Siku hiyo mzee alimkabidhi mkewe ufunguo mbele ya majirani. Tangu hapo haukutoka kwenye pindo la kanga yake, isipokuwa kanga ilipobadilishwa.

Masika ya mwaka 2024 mto ulipopanda, majirani waliondoka. Bi Mwajabu alikataa. Alisema amezoea maji, yatakuja yaweke rutuba yao yaende zao. Hashimu alifika kwa mtumbwi wa kuazima akiwa na jirani yao, Ridhiwani, na kumkuta mama amekaa juu ya kitanda, maji ndani ya chumba yakiwa usawa wa kiuno.

"Nikamwambia mama, twende. Akaniuliza, na kabati? Nikamwambia mama, kabati halipakiki, mtumbwi utazama. Akasema, basi nipe milango yake."

Hashimu alifungua bawaba za chini kwa bisibisi, mikono ikiwa ndani ya maji, akipapasa skrubu bila kuziona. Mama alikusanya vyombo vyake, akavifunga kwa kanga na kuvitia kwenye kiroba. Alisafiri amekalia milango. Aligeuka nyuma mara moja tu, anakumbuka Ridhiwani, na kwa mlango wa nyumba uliokuwa wazi kabati lilionekana limebaki limeachama.

Nyumba ilianguka kabla ya mwezi kwisha. Kaburi la mzee Mwinjuma lilikuwa nyuma yake. Sasa pale pote ni mchanga, na hakuna awezaye kunyoosha kidole akasema lilikuwa hapa.

Shida iliyompata Hashimu baada ya hapo ni ngumu kuieleza mbele za watu, maana mtu akiisikia juu juu anaweza kusema huyu analalamikia heri. Mama yake amekuwa mpole.

Bi Mwajabu wa bondeni hakuwa mpole. Aliingia jiko la mtu yeyote bila hodi, akafunua chungu, akaonja kwa kiganja na kutoa hukumu. Chumvi ilikuwa kesi yake kubwa. Salama, mke wa Hashimu, aliolewa akiwa binti mdogo na anasema miaka ya mwanzo alionja mchuzi mara tatu kabla ya kuupakua.

"Nilikuwa namwogopa, nakwambia kweli," anasema Salama. "Angeniita mbele ya wageni, 'Wee Salama, bahari yote umeimimina humu?' Nikilia, ananiambia nilie pembeni nisiongeze chumvi."

Bi Mwajabu wa Bungu anaomba maji ya kunywa. Anauliza kama anaweza kuanika kanga yake kwenye kamba. Chumba alichopewa anakifagia kila asubuhi na kukunja mkeka pembeni, na kiroba cha vyombo kipo chini ya kitanda, mdomo wake umefungwa vilevile ulivyofungwa siku ya maji. Basi la kwenda kusini, upande wa bondeni, likisimama barabarani, naye huinuka.

"Anaishi kwangu kama mgeni," anasema Hashimu. "Mama yangu mzazi. Mgeni mwenye adabu. Akifa hivi, atakuwa amefia ugenini, nami nipo hapa hapa."

Ndipo alipomuahidi kabati. Aliamini kwamba vyombo vikitoka kwenye kiroba, mama naye atakuwa amefika. Alitandika matofali kivulini na kuilaza milango juu yake, akawa anaigeuza msimu baada ya msimu, kwa kuwa mvule uliolowa ukikimbizwa juani hupasuka. Kila aliponunua mlango mzuri aliutenga. Ule wa Mafia alikuwa na mteja wake, akamrudishia mteja fedha.

Siku ya mwisho, ikiwa imebaki kufunga kitasa tu, mikono ilikwenda yenyewe.

Aliking'oa kile cha zamani, cha shaba, kilichoshika kutu, akakitupa kwenye debe. Akapachika kipya cha dukani kinachong'aa, chenye funguo mbili zilizofungwa utepe. Kheri alipita siku mbili baadaye akabeba debe lake. Ijumaa, baada ya swala, Hashimu akamwita mama.

Bi Mwajabu alikuja ameshafungua pindo. Ufunguo ulikuwa tayari mkononi. Aliisogelea milango, akapitisha kiganja kwenye majani yaliyochongwa, akagusa mstari wa maji, na Salama anaapa kwamba alitabasamu. Kisha akaingiza ufunguo. Haukuingia.

"Umeniwekea kitasa kingine," alisema.

"Kile kilioza, mama."

"Basi hili ni kabati lako, Hashimu. Zuri. Langu lilikuwa likifunguka kwa huu."

Alifunga pindo lake upya na kurudi chumbani. Hakununa. Angenuna, anasema Hashimu, yeye angelala usingizi.

"Wanawake wote wale niliwaachia funguo zao," anasema, akiutazama mkono wake wa kulia. "Sikumsumbua hata mmoja. Wa mama yangu ndo nikausahau. Mie, mwanawe wa kumzaa!"

Alimfuata Kheri, naye alikuwa amekwisha uza mzigo Kibiti. Akaenda Kibiti, akashinda kwenye lundo la vyuma akichokoa kwa fimbo, akarudi na vitasa vitatu vya shaba na kidonda mguuni. Alivipanga kwenye sinia mbele ya mama. Bi Mwajabu aliviangalia, akasema "Hakimo," na kumuuliza Salama kama kuna maji ya uvuguvugu ya kumwoshea mumewe kidonda.

Kuna fundi Kibiti anayeweza kuunda kitasa cha kufuata ufunguo, ila lazima ufunguo ulale kwake siku kadhaa. Bi Mwajabu alikataa. Ufunguo hauondoki pindoni.

Mwezi uliopita akatokea mteja. Winifrida ni mwalimu wa shule ya msingi, mwenyeji wa Songea, na alikuja kutafuta meza. Alisimama mbele ya kabati hadi akasahau meza. Bei aliyoitaja mwalimu, Hashimu hajawahi kuisikia karakanani mwake.

"Kitasa hakinisumbui, nitaweka hata komeo," anasema mwalimu huyo. "Sikujua habari zake. Ningejua nisingefungua mdomo."

Hashimu hakuwa na nia ya kuuza, lakini alipata wazo, na hadi leo hajui kama lilikuwa la akili au la kukata tamaa. Alikwenda kumwambia mama kwamba kabati limepata mnunuzi. Alitaka mama achokozeke. Alitaka asikie ile sauti ya bondeni ikimuuliza ana wazimu gani wa kuuza kabati la mamaye.

Bi Mwajabu alishika pindo la kanga yake.

"Muuzie, mwanangu," alisema. "Una watoto. Ufunguo nitabaki nao."

Hashimu anasema alitoka nje akakaa juu ya maranda ya mbao. Maneno hayo aliyajua. Ameyasikia kwa kina mama wengi mno, kwenye milango ya nyumba nyingi mno, akiwa amesimama na kamba yake mkononi akisubiri kufunga mzigo.

Hakuuza. Aling'oa kile kitasa kipya akampachikia mwalimu Winifrida kwenye kabati jingine, na hili la mama likabaki na tundu. Mpango wake ni kiangazi kikikomaa ampeleke mama bondeni, akaone kwa macho yake mchanga ule, wamsomee mzee dua hata kama kaburi halionekani. Majirani wanamuonya kwamba akifika huko atakataa kurudi. Hashimu analijua hilo. Anasema atalala naye huko huko juu ya mchanga hadi akubali.

Salama ana mpango wake mwingine, nao haungoji kiangazi.

Mchana mwandishi wa simulizi hii anakaribishwa chakula, wali na mchuzi wa kambale. Tonge la kwanza tu linagoma kushuka. Chumvi imezidi kiasi cha kuunguza ulimi. Hashimu anatazama sahani yake, hatazami mtu. Salama amesimama kizingitini, upawa mkononi, macho yake kwa mama mkwe.

Bi Mwajabu anakula. Anachovya, anatafuna, anameza, anamaliza. Ananawa na kukausha vidole kwa upande wa kanga usio na pindo.

"Ahsante, Salama, mwanangu," anasema. "Umepika vizuri. Mungu akubarikie mikono yako."

Anaomba ruhusa ya kwenda kujinyoosha. Mlango wa chumba unafungwa.

Salama anakusanya sahani, anazipanga moja juu ya nyingine, ya mama mkwe ikiwa juu, safi.

"Kesho nazidisha," anasema.