Nyonga ya Esnath

Esnath wa Kichiwa alikuwa mjane, mlimaji wa viazi na mwimbaji wa kwaya ya usharika. Mwaka 2001 nyonga yake ya kulia ilianza kuuma. Siku hizo maduka ya dawa yalikuwa yameota kila kona ya Makambako, naye alimeza vidonge vya karibu kila duka. Kisha ikaja homa, na asubuhi moja akashindwa kuinua mguu kitandani. Wifi yake, Emilia, akampeleka hospitali ya misheni.

Daktari aliitazama eksirei. "Hii inaonyesha mfupa, haionyeshi maji. Nenda altrasaundi. Kama kuna usaha kwenye kiungo, lazima utolewe leo, la sivyo utaula mfupa na hutatembea tena. Wahini, mchana jenereta inazimwa."

Benchi la altrasaundi lilijaa wajawazito. Kwa watu wa kwao, mashine ile ilikuwa na kazi moja tu, kutazama mtoto tumboni. Na pale pale, kando ya binti yake mwenye mimba, alikaa Mama Hezekia, mke wa mzee wa kanisa.

"Kamwene, Esnath," alimsalimu, macho yakishuka tumboni. "Hata wewe?"

Esnath alijifunika kitenge. Mjane mwenye mimba hutengwa: hakuna kwaya, hakuna Meza ya Bwana. Alipoitwa akasema, "Atangulie huyu, amechoka." Akaitwa tena, akampisha mwingine.

"Wifi, una wazimu?" Emilia alinong'ona. "Mwili unawaka moto."

"Turudi nyumbani."

"Kwa mguu upi?"

Methodi, mpimaji, alichungulia mlangoni. "Wa mwisho. Wanakaribia kuzima."

Esnath alijaribu kusimama, maumivu yakamrudisha chini. Akanyoosha mkono, si kwa Emilia.

"Mama Hezekia, nishike. Tuingie wote."

"Mimi? Nikafanye nini?"

"Ukatazame. Nisije nikasemwa na mtu ambaye hakuona."

Ndani, Methodi alimpaka mafuta ya baridi kwenye kinena, akaanza na upande mzima, kisha mbovu. Mama Hezekia alisogea hadi kwenye kioo.

"Si hicho kichwa nakiona!"

"Ni kichwa cha mfupa wa paja, mama. Tazama huu weusi mbele yake. Kwenye upande mzima haukuwepo. Haya ni maji." Akafungua mlango kwa kishindo. "Muiteni daktari! Na jenereta isizimwe!"

Sindano ndefu iliingia, daktari akiifuata kwenye kioo. Ikavuta kitu kizito, cha njano. Esnath aliuma ncha ya kitenge. Mama Hezekia hakuuachia mkono wake mpaka alipopelekwa kupasuliwa na kuoshwa kiungo.

Alirudi Kichiwa kwa magongo, na mguu ule huuvuta kidogo hadi leo. Jumapili yake ya kwanza, wanawake walikuwa wameshaanza kunong'ona nje ya kanisa.

"Nani anasema mimba?" Mama Hezekia alifoka. "Mimi nilikuwemo ndani! Ulikuwa usaha, bakuli zima!"

Ulikuwa wa kujaza bomba la sindano tu. Esnath hakumsahihisha. Aliegemeza magongo ukutani, akamshika bega, wakaingia.