Tochi Ukweni

Baba wa mchumba wangu alishasema hatoi binti kwa mtu ambaye kazi yake haieleweki. Na kazi yangu ni kuchunguza mionzi ya gama kutoka galaksi za mbali, kwa kompyuta, nikiwa nimejifungia chumbani kwangu Igogo. Hata mama yangu huwaambia majirani kwamba bado nasubiri ajira. Niliogopa kumkosa yule binti, wala sifichi.

Siku ya kujitambulisha kwao Nansio, ng'ambo ya ziwa, kwa desturi, mimi ningekaa kimya na mshenga ndiye angesema. Mshenga wangu alikuwa mjomba, muuza mitumba wa Mkuyuni, mtu anayeweza kukuuzia koti zito mchana wa jua kali. Nilimfundisha pale dukani kwake, kama nilivyowahi kumfundisha mchumba wangu, nikijiona profesa. Katikati ya galaksi hizi, nilimwambia, kuna shimo jeusi linalovuta gesi. Lakini si yote inayomezwa. Nyingine hufyatuliwa nje kwa kasi inayokaribia ya mwanga, kama maji ya bomba lililopasuka. Hiyo ndiyo jeti. Ikituelekea sisi, tunaona mng'ao mkali na mionzi ya gama kwa wingi. Ikielekea pembeni, galaksi ileile tunaiona ya kawaida tu. Nikammulika tochi machoni, kisha nikaigeuzia ukutani, aone tofauti. Alielewa vizuri. Tatizo ni kwamba aliipenda ile tochi.

Sebuleni kwa wakwe, baada ya shikamoo zote, baba wa binti aliuliza, "Kijana wenu anashughulika na nini?"

Mjomba akainuka, akachomoa tochi mfukoni, akammulika mzee usoni. "Na hiki ndicho anachokitafuta, mzee wangu!"

Mzee akaziba macho kwa viganja. Shangazi wa binti akauliza kama hiyo mionzi ina madhara. Mjomba akajibu kwa fahari kwamba ikiwa karibu inaua. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Shule yote ile, na nimekaa kwenye kochi kama mzigo uliosahaulika gatini, sina ruhusa hata ya kukohoa.

"Sasa mtu wa namna hii," mzee alisema akipangusa machozi, "ndiye nimpe mtoto wangu?"

Akaitwa mchumba wangu, aulizwe kama anatufahamu. Alikuwa amesikiliza yote nyuma ya pazia. Akapiga magoti, akasema maneno machache kwa Kikerewe. Mimi Msukuma sikuambulia kitu. Nyumba nzima ikaangua kicheko, wote wakinitazama mimi, na mzee akacheka kuliko wote.

"Basi karibuni," alisema hatimaye. "Tumewapokea."

Mchumba wangu alipotusindikiza kivukoni pamoja na dada zake, nilimvuta kando nikamuuliza aliwaambia nini. Nilikuwa nimeshajiandaa kununa.

"Niliwaambia ukitazamwa kwa pembeni huna lolote," alisema. "Ila mimi umenielekea."