Gauni la Kushonewa Mwilini

Pierrette alikuwa na mchoro mmoja tu wa mitindo, na aliulinda kuliko kitambulisho chake cha mkimbizi. Bibi yake, aliyekuwa akishona katika nyumba za Wazungu kule Lubumbashi, aliachiwa mchoro huo na tajiri wake: penseli na wino wa kijivu, kazi ya fundi mkubwa wa Paris wa miaka ya hamsini, na kipande cha hariri kimebanwa kwa pini pembeni. Mwanamke wa mchoroni ana kiuno cha nyigu na anatazama mbele. Mgongo hauonekani, zipu wala kifungo hakuna.

Huu ni mwaka wa sita Pierrette amekwama katika makazi ya wakimbizi nje ya mji wa Nchelenge, ng’ambo ya mpaka. Kutoka ni kwa kibali, na kibali kinataka sababu. Basi Chola, binti wa mji jirani wa Kashikishi, alipoupenda mchoro ule kwa harusi yake, sababu ikapatikana.

“Minakata kile jicho inaona,” Pierrette aliwaambia ndugu wa bibi harusi. “Ku karatasi fermeture haiko. Siku ya ndoa nitamushona Chola ndani ya robe, na mangaribi nitamufungua.”

Uongo mtupu! Zipu alikuwa nazo kopo zima. Alitaka tu wamhitaji asubuhi na jioni, alale Kashikishi, na Mwaba, shangazi wa bibi harusi mwenye duka la ushonaji sokoni, aione kazi yake na amwombee kibali cha kukaa. Hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Kibali kikatoka, siku mbili. Alimshona Chola ndani ya gauni, mishono midogo midogo kutoka kwapani hadi nyongani, na kanisa zima likageuza shingo. Mwaba mwenyewe alimshika mkono.

“Mama Pierrette, tutasema mangaribi.”

Alasiri bibi harusi akabanwa na haja, na gauni lilivyombana halikuweza kupandishwa. Pierrette alikuwa jikoni na sahani ya samaki, na mpaka aitwe, ndugu wa bibi harusi walikwishakata. Hawakuufuata uzi. Walipasua hariri kuanzia kiunoni mpaka chini.

“Nani anashona nguo bila mulango?” Mwaba alifoka, mkasi mkononi. “Ungetuulia mutoto! Gari iko inaenda ku camp sasa. Panda.”

“Mama Mwaba, munisikilize kidogo…”

Mwaba alikwishageuka. Pierrette alipanda gari kwa aibu, na kwa hasira pia, nyingi yake juu ya nafsi yake, maana ujanja ulikuwa wake.

Getini askari alisoma kibali, akacheka.

“Mama, siku moja ingaliko. Mbona unarudi mbio?”

“Kazi imeisha,” Pierrette akasema, akaingia.