Amina Yetu ya Leo Hapa Ganda

Jamani, leo tumekubali daraja ambalo tulikwenda kulikataa.

Ulikuwa mkutano wa kukusanya maoni, hapa kijijini kwetu Ganda, nje ya Malindi. Wageni wa serikali walituonyesha picha ya daraja la juu la kujengwa Malindi mjini. Zuri kweli, taa kila upande.

Jirani yangu Mama Kadzo akasimama.

"Pesa zote hizo mwaziweka juu, na sisi huku mifereji haitoi maji hata tone! Hatulitaki!"

Tukapiga makofi mpaka viganja vikauma.

Afisa wao akatabasamu tu. "Ahsante, mama. Muda umekwisha. Hebu wewe tufungie mkutano kwa maombi."

Sasa utakataa kuomba?

Mama Kadzo akafumba macho. Na maombi, mnajua, yana adabu yake. Akawaombea wageni safari njema, akaiombea baraka na kazi ya mikono yao.

Waislamu kwa Wakristo, sote kwa sauti moja: "Amina!"

Afisa akamgeukia karani wake. "Andika: wananchi wameubariki mradi."

Wakapanda gari, wakaenda zao.

Mama Kadzo amekaa kwangu mpaka saa hizi, chai yake imepoa. Aniuliza, "Mwanangu, amina ikishatoka, yarudishwa vipi?"

Mwenye jibu anisaidie.