Mtutu Ulioliwa na Kamba

Nakumbuka siku moja kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, na harusi yangu ilichinjiwa ngamia wawili. Ugatuzi ulikuwa bado mchanga. Kaunti yetu ilikuwa imepata magari mapya na ofisi mpya, na sasa ilitaka mashujaa. Hapa Isiolo mjini wengi wetu ni wajukuu wa askari wa zamani wa Mwingereza, kwa hiyo watu wa kaunti wakaanza kupita nyumba hadi nyumba wakiuliza kama kuna vitu vya vita vilivyobaki.

Kwangu palikuwa na bunduki ya babu yetu, ambaye sisi tulimwita awoowe. Polisi walikuwa wameing'oa pini ya kufyatulia zamani na kutupa kibali, nayo ikabaki ukutani kama picha ya marehemu. Kaka yangu Yusuf, mwenye malori ya kubeba mifugo, ndiye aliyewaleta wageni: bwana mmoja wa utamaduni kutoka kaunti, na fundi kutoka Nairobi ambaye kazi yake ni kufufua bunduki za kale.

Fundi alikuwa mtu wa adabu. Alimulika ndani ya mtutu, akachungulia, kisha akapitisha kidole kwenye mdomo wa mtutu. Mdomo ulikuwa umelika upande mmoja ukawa na umbo la yai, na mifereji ya ndani, ile ya kuzungusha risasi, ilikuwa karibu kwisha.

"Hii imefanya kazi mingi," akasema. "Naweza weka bomba mpya ndani, nitengeneze mdomo. Itakuwa kama siku ilitoka kiwandani."

Bwana wa kaunti akafurahi. "Mnaona? Hii imemaliza watu. Tutaandika alipiga maadui mpaka mtutu ikaisha." Akaongeza kwamba barabara ya mtaa wetu bado haina jina, na jina la shujaa wa namna hiyo lingeifaa sana. Yusuf akatabasamu mpaka jino la dhahabu likaonekana.

Sasa sikiliza. Awoowe hakuua mtu. Vita vizima aliongoza ngamia wa kubeba maji ya jeshi. Nilipokuwa msichana wa kuchunga mbuzi nilimuuliza ameua wangapi. Akaacha alichokuwa akifanya, akanitazama mpaka nikaona haya.

"Hakuna hata mmoja," akaniambia. "Nilibeba bunduki miaka yote hiyo, na Mungu akanilinda nisimwage damu. Usinitafutie maiti."

Sijakemewa hivyo tena maishani, na marehemu mume wangu hakuwa mpole.

Alichokuwa akifanya ni kuisafisha bunduki hiyo. Kila Ijumaa baada ya swala alipitisha ndani ya mtutu kamba yenye kitambaa cha mafuta, akaivuta itokee mdomoni. Ngamia alikuwa amemvunja bega la kulia, basi aliivuta akiilaza upande, upande ule ule, hadi uzeeni. Na vumbi letu unalijua. Kamba yenye vumbi ni tupa, na chuma kikalika taratibu.

Niliwaeleza wageni hayo yote. Fundi akachungulia tena, akaguna. "Mama anasema ukweli. Risasi haikulangi upande moja hivi. Hii ni kamba."

"Lakini watu hawatakuja kuona kamba, mama," akasema bwana wa kaunti.

Yusuf akanivuta kando. "Abaayo, dada yangu, nyamaza kidogo. Hii ni jina ya awoowe, si ya jirani. Mkataa kwao ni mtumwa."

"Sikatai kwetu," nikamwambia, wala sikushusha sauti. "Nakataa nguo ya kuazima, maana haisitiri matako. Awoowe alimshukuru Mungu kwa jambo moja, na nyinyi mnataka kumnyang'anya hilo akiwa kaburini."

Hasira ilinipanda, mwanangu, sikufichi. Nikaichukua bunduki mikononi mwa fundi. "Ikienda, itaenda na mdomo wake uliolika, na mtaandika ilikuwa ya mchunga ngamia ambaye hakuua mtu. Hamtaki, inarudi ukutani."

Hawakutaka. Fundi peke yake aliniaga kwa mikono miwili. Yusuf hakunywa chai kwangu hadi Ramadhani ikapita, na wapo binamu zetu wa Kinna ambao mpaka leo husema nililiangusha jina la ukoo kwa ukaidi wa kizee. Waseme. Barabara ile ilipewa jina la mtu mwingine. Naipita kila siku nikienda sokoni, na kichwa changu kiko juu.

Watakuja kwako pia, mwanangu. Watakuta mahali palipolika katika ukoo wenu na watataka kupajaza kitu kinachong'aa. Kabla hujakubali kuitwa mjukuu wa shujaa, jiulize kama mwenyewe angeitika jina hilo. Wafu hawawezi kukataa. Wewe unaweza, basi kataa kwa niaba yao. Watu wa kwenu watakununia. Nuna nawe kidogo ukipenda, lakini usiupokee uongo kwa sababu umekuja na heshima. Njia ya mwongo ni fupi, hata ikitiwa lami.

Mola akupe kinywa kizito mbele ya sifa zisizo zako, na mgongo usiopinda mbele ya wanaozileta. Na siku yako ikifika, akuachie mjukuu mbishi. Amin.