Kitabu Kilichonigusa

Bora niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kwa vijana wa kwaya. Usharikani kwetu Temeke nilikabidhiwa boksi la vitabu alivyoacha mmisionari mmoja wa zamani, nivisome nyumbani, kisha nishauri vipi vinafaa kwa maktaba ya kanisa. Wiki tatu boksi lilikaa chini ya tivii. Mpira nao ulikuwa mtamu!

Siku ya kikao nikachomoa cha juu kabisa, chenye jalada la ngozi na msalaba wa dhahabu. Kwanza nikawasema wale vijana: "Nyie mnachagua nyimbo kwa mdundo tu, maneno hamyachunguzi!" Kisha nikakiinua kitabu changu. "Hiki nimekisoma mara mbili. Kimenigusa mno."

Mchungaji akafurahi. "Basi tusomee hapo palipokugusa."

Nikakifungua katikati. Kijerumani. Nikafunua mbele, nikafunua nyuma. Kijerumani kitupu.

Mama Eliza, mzee wa kanisa, alikuwa ameketi ubavuni mwangu, miwani puani, anachungulia. Akanishika mkono kwa upole.

"Soma tu, baba. Sie tutafuata mdundo."